Redio ya mzee haijafa: namna ya kuiwekea kipokezi cha Bluetooth

Redio kubwa ya baba mkubwa pale Uyole, Mbeya, ilikaa karibu miaka sita ikifanya kazi ya kabati. Juu yake kitambaa cha kufuma, juu ya kitambaa picha za harusi, na pembeni yake sabufa ya plastiki yenye taa za rangi ikipiga kwaya za Jumapili kwa sauti ya ndoo. Ukiuliza unaambiwa redio imekufa. Kumbe kilichokufa ni mpira wa kuzungushia kaseti na jicho la kusomea CD. Amplifaya ilikuwa nzima, na spika zake mbili za mbao, nzito kama gunia la viazi, zilikuwa nzima pia.

Siku niliyomfungia kipokezi cha Bluetooth, kidude kinachochukua muziki kwenye simu bila waya na kuuingiza redioni, kazi yenyewe ilichukua dakika kumi. Saa nzima iliyotangulia nilikuwa nimepiga magoti nyuma ya redio, tochi ya simu mkononi, nikisoma maandishi. Ndiyo maana maelezo haya yanaanzia nyuma ya redio. Kuoanisha simu hata mtoto wa darasa la tatu anaweza. Watu wanakwama kwenye umeme na kwenye tundu la kuchomekea.

Geuza redio kabla hujaenda dukani

Chomoa redio kwenye soketi, ivute itoke ukutani, pangusa vumbi na utando wa buibui. Tafuta kibati chenye maandishi ya umeme, kwa kawaida kiko karibu na waya wa umeme unapoingilia.

Ukikuta 220V, 230V, 240V au 220–240V, endelea na kazi. Ukikuta AC 100V, simama hapo hapo. Hiyo ilitengenezwa kwa matumizi ya Japani, ambako umeme wa nyumbani ni volti 100, na wa TANESCO ni volti 230. Redio za namna hiyo ziko nyingi kwenye mitumba yetu, tena mara nyingi ndizo zenye sauti nzuri kuliko zote. Mimi somo hili nililipata kwa pua: nilichomeka deki ya mtumba moja kwa moja ukutani, ikawaka taa kwa sekunde moja, kisha chumba kikajaa harufu ya plastiki iliyoungua. Fyuzi ikikatika umepona. Yangu haikukatika mapema, ikaungua transfoma ya ndani.

Dawa yake ni transfoma ya kushusha umeme kutoka 230 hadi 100. Angalia kwenye kibati hicho hicho redio inakula wati ngapi, ununue transfoma yenye uwezo zaidi ya hapo. Redio ya wati 60, chukua ya wati 100 au zaidi, usibanane. Nyingine zina kiswichi cha kuchagulia volti nyuma. Hicho kigeuze kwa bisibisi kiwe 220–240 wakati redio imechomolewa.

Hapo hapo niseme jambo linalosumbua wengi: redio ya Kijapani kukataa kushika stesheni si lazima iwe mbovu. FM ya kule ilipangwa kati ya megahezi 76 na 90, na stesheni zetu ziko kati ya 88 na 108. Kwa hiyo unazungusha kitufe usiku kucha unapata stesheni moja au mbili za chini, basi. Redio ya namna hiyo ndiyo inayofaidika zaidi na kipokezi, maana itaacha kutegemea masafa kabisa.

Matundu: lipi ndilo, lipi silo

Sasa tafuta jozi ya matundu ya duara, moja jekundu na moja jeupe (kwenye redio za zamani jeupe huwa jeusi). Jekundu ni la spika ya kulia, jeupe ni la kushoto. Kinachokuhusu ni maandishi yaliyo juu yake.

AUX ndilo tundu letu. LINE IN ni lile lile kwa jina jingine. CD, TUNER, VIDEO, DVD, yote yanafaa. Usidhani tundu lililoandikwa CD linakubali CD tu. Kwake sauti ni sauti, mradi imekuja na nguvu ya kawaida. Na kama redio yako ina tundu dogo mbele, lile la pini ya hedifoni, likiwa limeandikwa AUX au LINE IN, umeepuka hata kazi ya kuivuta ukutani. Soma vizuri tu, kwa sababu jirani yake huwa ni tundu la hedifoni lenyewe, ambalo linatoa sauti badala ya kuipokea.

TAPE linahitaji macho. Huwa na jozi mbili: moja PLAY au IN, nyingine REC au OUT. Chomeka kwenye PLAY. Ukichomeka kwenye REC hutaharibu kitu, lakini utakaa kimya hadi jioni ukilaumu kipokezi.

PHONO usiliguse. Hilo ni la sindano ya santuri. Sindano inatoa umeme mdogo mno, sehemu chache za elfu ya volti, kwa hiyo ndani ya redio kuna sakiti inayoukuza mara mamia, tena inaongeza besi na kupunguza trebo kwa makusudi, kwa sababu sahani zenyewe zilichongwa kinyume chake. Ukipeleka hapo sauti ya kipokezi, ambayo tayari ina nguvu, utasikia mkoromo wa trekta. Niliwahi kuitwa Isanga kuangalia redio “inayokwaruza”, fundi ameshafungua spika zote mbili, kumbe waya ulikuwa PHONO. Niliuhamishia tundu la pili kutoka hapo, nikanywa chai, nikaondoka.

Ukishapata tundu, lisafishe. Huku kwetu nyanda za juu, hasa Tukuyu na Rungwe ambako ukungu na mvua havina likizo, matundu ya redio iliyokaa miaka huota kutu nyembamba ya kijivu. Pamba kidogo yenye spiriti, sugua ndani na nje, iache ikauke. Usipokuwa na spiriti, chomeka pini na uizungushe kulia na kushoto mara kama kumi. Inakwangua kutu yenyewe.

Kama hakuna tundu lolote

Zipo njia tatu, na siyo sawa kwa ubora.

Ya kwanza ni kaseti yenye waya. Inafanana na kaseti ya kawaida, ila badala ya utepe ina kichwa kidogo cha sumaku kinachoelekeana na kichwa cha redio. Inafanya kazi kama deki bado inazunguka. Sauti yake inaridhisha.

Ya pili ni kirusha FM kama vile vya kwenye gari: kinapokea Bluetooth kisha kinarusha kwenye masafa ya FM, redio inashika kama stesheni. Tafuta nafasi tupu isiyo na stesheni karibu yake. Kwa redio ya Kijapani niliyoieleza hapo juu, nafasi ya kukutana ni finyu, kati ya 87.5 na 90 tu. Njia hii naichukulia kama ya kujishikiza tu.

Ya tatu ni kumpelekea fundi afunge sakiti ya Bluetooth ndani, mahali pa mlango wa kaseti. Mafundi wa Mwanjelwa wanaifanya kila siku, na wa Mlandege kule Iringa vilevile. Muulize maswali mawili kabla hujamwachia: sakiti ni ya volti 5 au 12, na umeme wake ataupata wapi. Akikujibu “hapo hapo kwenye redio, kuna waya tu”, mwombe aweke kishushio cha volti kinachostahili. Sakiti ya volti 5 ikipewa 12 haifiki jioni. Hata ikifungwa vizuri, mara nyingi inaleta mlio mwembamba kama mbu kwa sababu inashiriki umeme na amplifaya. Kwa redio yenye tundu la AUX sishauri ifunguliwe.

Kununua kipokezi

Dukani sema unataka “Bluetooth risiva ya redio, yenye tundu la AUX”. Ni kidude cha ukubwa wa kiberiti au chini ya hapo. Vitu vya kuangalia ni hivi.

Kuna vijiti vya USB vya kuipa kompyuta Bluetooth, na sura yake inafanana kabisa na vipokezi vidogo. Hivyo havitoi sauti. Kama kijiti hakina tundu la pini ya sauti wala waya wake, kirudishe.

Vingine vinapokea na kurusha vyote viwili, vina kiswichi kilichoandikwa RX (kupokea) na TX (kurusha). Chako kiwe RX. Mtu akikuletea kipokezi “kibovu” chenye kiswichi, anza kuangalia hapo.

Vipo vyenye betri ndani na vipo vya kula umeme wa USB muda wote. Kwa redio ya sebuleni chukua kisicho na betri, au chenye betri lakini kinachokubali kupiga kikiwa kwenye chaja. Vile vya betri peke yake vinaisha chaji katikati ya ibada ya nyumbani, na betri yenyewe ikichoka umepoteza kidude kizima.

Namba ya toleo, 4.2 au 5.0 au 5.3, usiiogope wala usiilipie sana. Haimaanishi sauti nzuri zaidi. Sauti inategemea namna muziki unavyobanwa njiani kati ya simu na kipokezi. Mbano wa lazima kwa vyote unaitwa SBC, unatosha kwa masikio mengi. Mwenye iPhone atafute kilichoandikwa AAC. Mwenye Android na masikio ya ukorofi atafute aptX au LDAC, lakini simu na kipokezi viwe nacho vyote viwili, la sivyo vitarudi SBC kimyakimya.

Nunua na waya: upande mmoja pini ndogo ya milimita 3.5 yenye mikanda miwili myeusi, upande wa pili pini nyekundu na nyeupe. Mita moja na nusu inatosha. Waya mwembamba kama uzi wa viatu hukatikia ndani mapema, chagua wenye unene.

Kufunga

Kabla ya kipokezi, fanya jaribio ambalo limeniokolea muda kuliko ujuzi wowote: kama simu yako au ya mwanao bado ina tundu la hedifoni, chomeka waya huo moja kwa moja kutoka simu hadi redio. Weka redio kwenye AUX, sauti chini kabisa, cheza wimbo, pandisha taratibu. Ikiimba, redio, tundu na waya ni vizima, na lolote litakaloharibika baadaye ni la kipokezi. Isipoimba, hujapoteza pesa ya kipokezi bado.

Kisha zima redio. Pini nyekundu kwenye jekundu, nyeupe kwenye jeupe, pini ndogo kwenye kipokezi. Isukume hadi isikike “tak”. Pini iliyoingia nusu inatoa spika moja tu, au waimbaji wanapotea ukabaki na vyombo. Kipokezi kichomeke kwenye chaja ya simu ya volti 5, ampia 1 inatosha na kubaki.

Usikifiche nyuma ya redio. Masanduku ya redio za zamani yana bati, na bati linazuia mawimbi. Kiweke juu au pembeni, kinakoonekana kutoka mahali watu wanapokaa. Na kwa zile redio za vipande vinavyopangwa moja juu ya jingine, usitoe kipande cha CD kwa sababu kimekufa. Nyingi zimeunganishwa kwa waya bapa nyuma na kipande kimoja kikikosekana vingine vinagoma kuwaka.

Washa. Taa ya kipokezi itapepesa, mara nyingi bluu na nyekundu kwa zamu. Maana yake kinasubiri mwenzake. Kwenye simu ingia Mipangilio, Bluetooth, oanisha kifaa kipya, chagua jina lake. Kikiuliza namba ya siri jaribu 0000, ikikataa 1234. Taa ikitulia, mmeoana.

Baba mkubwa alikuwa amesimama nyuma yangu muda wote, mikono mgongoni.

“Mwanangu, hii itakula bando?”

“Hapana, baba mkubwa. Toka kwenye simu kuja hapa haili kitu. Wimbo ukiutoa mtandaoni ndiyo unakula bando, kama siku zote.”

“Na hizi nyimbo nilizonazo kwenye memori kadi?”

“Hizo bure, hata mtandao ukizima.”

Akavuta kiti.

Sauti ya simu na sauti ya redio

Hapa ndipo wengi wanapoharibu kazi nzuri. Wanaweka simu nusu, redio wanaifungulia hadi mwisho, halafu wanalalamikia mvumo. Fanya kinyume: simu karibu na juu, kama asilimia 80 au 90, kisha utumie kitufe cha redio kupandisha na kushusha. Kwa njia hiyo kinachosafiri kwenye waya ni muziki mwingi na kelele kidogo. Sababu ya kutofika asilimia 100 ni kwamba vipokezi vya bei ndogo hukwaruza vikijazwa hadi juu. Zima ekolaiza ya simu. Besi ongeza kwenye redio, ndiko ziliko spika.

Ikivuma

Mvumo mzito wa “mmmm” unaoendelea hata muziki ukisimama unatokana na umeme. Redio na chaja vimechukua umeme njia mbili tofauti, na waya wa sauti umegeuka daraja kati yao. Jaribu hivi: chomoa chaja, kipokezi kipe umeme wa pawabenki. Mvumo ukiisha, mwenye kosa ni chaja. Badilisha, ikibidi jaribu tatu. Chaja zilizokuja na simu yenyewe huwa tulivu kuliko za kuokota mezani. Chomeka chaja na redio kwenye ekstensheni moja. Ukigoma kabisa, kuna kidude cha kutenganisha kinachowekwa katikati ya waya wa sauti, ndani yake kuna vitransfoma viwili vidogo. Kinamaliza tatizo, ingawa vya bei ya chini hupunguza besi.

Mvumo usipoisha hata kwa pawabenki, chomoa waya wa sauti kwenye redio. Ukiendelea, ni redio yenyewe, kapasita zimechoka, na hiyo ni kazi ya fundi.

Ikikatikakatika

Kipokezi cha kawaida kinafika mita 10 mahali peupe. Nyumba za tofali za kuchoma zinapunguza hapo. Mwili wa mtu unapunguza zaidi, kwa sababu maji yananyonya mawimbi haya na sisi ni maji kwa sehemu kubwa. Simu iliyo mfuko wa nyuma wa suruali, mwenye nayo kaipa redio uso, inatosha kukata wimbo. Iweke mezani. Kipanga njia cha Wi-Fi nacho hutumia gigahezi 2.4 kama Bluetooth, kisogeze mbali kidogo na kipokezi.

Muziki ukikatika kabisa na wimbo usiokuwa wako ukaanza, angalia watoto. Kipokezi hukumbuka simu zilizowahi kuoanishwa, na ya kwanza kukiwahi ndiyo inayotawala. Kwa sababu hiyo hiyo, ujumbe wa sauti utakaoufungua ukiwa jikoni utasikika sebuleni kwa spika za mbao. Nimeshuhudia dada mmoja akitumiwa umbea kuhusu wifi yake, na wifi yuko kwenye kochi.

Ukitazama filamu kwenye simu huku sauti ikitoka redioni, midomo inaweza kutangulia maneno kidogo. Bluetooth inachelewa kwa sehemu ya sekunde. Kwa muziki hutaliona hilo.

Mvua, radi na kitambaa

Kuanzia Novemba hadi Aprili, mawingu yakianza kukusanyika upande wa mlima Loleza, chomoa. Kuzima kwa kitufe hakutoshi, radi haijui kitufe. Chomoa redio, chomoa na chaja ya kipokezi, kwa sababu viwili hivi sasa vimeshikana kwa waya na kinachoingia upande mmoja kinatokea wa pili. Umeme ukikatika fanya hivyo hivyo, urudishe dakika chache baada ya kuwaka, ukishatulia.

Na kitambaa cha kufuma kitoke. Amplifaya inapumua kwa matundu yale ya juu, na redio iliyokuwa ikikaa kimya mwaka mzima sasa itapiga kutwa. Ukiweka kiganja juu baada ya saa mbili utaelewa. Hili lilileta ubishi kuliko volti zote, maana kitambaa alikifuma mama mkubwa mwenyewe. Mwishowe kilihamia juu ya sabufa, na picha za harusi juu yake.